Kazi umeifanya, mbona kwenye CV haipo?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walikuwa watu 135,027. Ukigawanya hesabu hiyo, kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 84. Usaili wa kuandika ulifanyika mikoani mwishoni mwa mwezi Machi.

Wenye kumbukumbu walikumbuka Juni 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipoita zaidi ya vijana 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya nafasi 70. Walikaa majukwaani kama watu waliokuja kuangalia Simba na Yanga, bahasha mkononi. Siku hizi bahasha imepungua na maombi yanakwenda kwa mtandao. Anayeomba akiwa Tandahimba na anayeomba akiwa Ilala wanaingia kwenye foleni moja, na foleni hiyo ndefu haionekani kwa macho.

Kila tangazo la namna hiyo likitoka, simu yetu ya studio inajaa ujumbe wa aina moja: nisaidieni kuandika CV nzuri. Hewani tunajibu kwa dakika mbili tatu, muda unaisha, matangazo yanaingia. Hapa tuna nafasi ya kulieleza jambo hili kwa utulivu.

Tuanze Kariakoo, kwa sababu vijana wengi wanaotoka mikoani kutafuta maisha Dar es Salaam huanzia huko, na CV nyingi zinazaliwa huko pia. Ukitembea kutoka Msimbazi kwenda Lumumba utazikuta steshenari: kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa kopi, bango la pasipoti saizi mlangoni. Unaingia, unasema unataka CV, unaulizwa jina, mwaka wa kuzaliwa, shule. Baada ya robo saa unatoka na karatasi mbili au tatu. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba mchapaji amefungua faili la mtu mwingine, akafuta jina lake, akaweka lako. Hatumlaumu sana mchapaji. Yeye ameombwa kuchapa, hakuombwa kukuhoji.

Shida ni kile kilichobaki kwenye lile faili. Utasoma, mara nyingi kwa Kiingereza, kwamba wewe ni mtu mwenye bidii, unayejituma, unayeweza kufanya kazi na wenzako na bila wenzako, chini ya usimamizi mdogo na katika mazingira magumu. Chini yake utaona unapenda kusoma vitabu, kusafiri na kuangalia mpira. Kisha sehemu ya uzoefu wa kazi iko wazi, au pameandikwa kwamba huna.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaodhani CV nzuri ni suala la mwandiko na rangi za juu ya ukurasa. Kijana huyu aliyeandikiwa kwamba hana uzoefu amebeba mizigo na kuhesabu stoo miaka mitatu. Dada huyu amesimamia duka la vitenge mtaa wa Congo tangu asubuhi hadi jioni, akifunga hesabu kila siku, na hela hazikupotea. Karatasi yao haijui. Mwajiri anayepokea karatasi 200 atasoma sentensi ileile ya bidii na kujituma mara 200, na hatamkumbuka hata mmoja.

Kariakoo haiulizi karatasi, inauliza mdhamini

Kwa nini watu waliofanya kazi wanajiandika kama hawajawahi kufanya? Sehemu ya jibu ni namna kazi inavyopatikana katikati ya jiji. Mwenye duka la jumla Kariakoo hatangazi nafasi. Anamuuliza mtu anayemwamini: una kijana? Anayeletwa anaulizwa anatoka wapi, ndugu yake ni nani mjini, anakaa mtaa gani. Anaweza kuombwa barua ya serikali ya mtaa na kopi ya kitambulisho cha NIDA. Na lazima awepo mdhamini.

Neno mdhamini lina maana mbili, na kuzichanganya kumewaponza wengi. Dukani, mdhamini ni mtu atakayetafutwa kijana akitoroka na mauzo. Ndiyo maana mjomba au mchungaji anaombwa kuweka sahihi, na ndiyo maana wengine wanakataa. Kwenye CV, mdhamini ni mtu anayeweza kueleza kazi yako: ulifanya nini, kwa muda gani, ulikuwa mtu wa namna gani. Hadaiwi chochote ukikosea. Matangazo ya ajira serikalini yanataka wadhamini watatu wa kuaminika pamoja na anwani na namba za simu zinazotumika. Kijana anayeweka majina ya baba mdogo, shangazi na mbunge wa jimbo hajajibu swali hilo. Anayeweka mwalimu wake, mwenye duka alikofanya kazi na karani wa chama cha ushirika alichokisaidia msimu uliopita amelijibu.

Waombe kwanza ruhusa, na waambie umeomba kazi gani. Mtu akipigiwa simu ghafla akiwa shambani au kwenye daladala na kuulizwa juu yako, atasema "sina uhakika", na sentensi hiyo fupi inatosha kukuangusha.

Kuna mambo mapya pia ambayo yamewapa vijana matumaini na Kariakoo. Februari 2025, baada ya wafanyabiashara kulalamikia wageni wanaofanya biashara ndogondogo sokoni hapo, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza. Julai mwaka huohuo ikatoka amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja na ufundi wa simu. Tulipokea ujumbe mwingi ukiuliza kama sasa kazi zitakuwa nyingi madukani. Amri hiyo inampa nafasi raia mwenye mtaji. Haimwandikii mkataba kijana anayeuza kwa niaba yake, na utaratibu wa "una kijana?" uko palepale.

Karatasi ambayo sheria inakupa

Hili hatulisikii likizungumzwa vya kutosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kifungu cha 44 kinakwenda mbali zaidi: ajira inapokoma, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Sheria haijasema wafanyakazi wa ofisini pekee.

Sasa hesabu mwenyewe ni wangapi unaowajua waliotoka dukani, hotelini au kwenye nyumba ya mtu wakiwa na cheti hicho mkononi. Wenye maduka wengi hawajui kwamba kipo, na wanaojua hawapendi kuacha maandishi yanayoonyesha walimwajiri mtu bila mkataba wala michango ya NSSF. Kijana anaondoka na nauli na ahsante. Miaka minne ya kazi inageuka hewa.

Tusidanganyane, mara nyingi huwezi kumshinikiza mwenye duka. Lakini unaweza kuomba, na kipindi kizuri cha kuomba ni mnapoagana vizuri, si baada ya ugomvi. Usiombe "barua ya sifa". Omba mistari mitatu: jina lako, kazi uliyofanya, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, pamoja na sahihi, namba ya simu na mhuri kama upo. Wapo wanaokataa kuandika lakini wanakubali kupokea simu. Hiyo nayo inafaa, mwandike kama mdhamini.

Kwa mafundi kuna njia nyingine. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Fundi aliyejifunza gereji, kwenye ujenzi, jikoni au kwenye cherehani anapimwa kwa kazi anayoifanya, na akifaulu anapata cheti. Kwa Dar es Salaam wengi wanakijua chuo cha VETA Chang'ombe, lakini VETA ina vyuo mikoani, kwa hiyo huna sababu ya kupanda basi kuja mjini kuulizia. Fundi mwenye cheti hicho halazimiki tena kujieleza kwa maneno ya bidii na kujituma.

Namna ya kuandika kazi uliyoifanya

Tuchukue mifano. Winga wa Kariakoo ni yule asiye na duka, anayemfuata mteja barabarani, anamjulisha bei, anamtafutia mzigo kwenye maduka matatu na kupata chake juu ya bei. Akienda steshenari anaona aibu kusema kazi yake, anaandika "mjasiriamali". Neno hilo halimwambii mwajiri kitu. Aandike hivi: "Machi 2022 hadi Agosti 2024: muuzaji wa viatu kwa kamisheni, mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nilihudumia wateja wa jumla kutoka mikoani, nikakusanya oda zao kwa simu na kuwasafirishia mizigo kwa basi." Kampuni inayotafuta mtu wa mauzo itaelewa mara moja.

Aliyekuwa stoo aandike alipokea mizigo gani, aliiandika kwenye daftari au kompyuta, alikuwa peke yake au na wenzake wangapi, nani alikuwa akihakiki hesabu. Aliyeuza dukani aandike kama alishika hela, kama alitumia mashine ya EFD kutoa risiti, kama alipokea malipo kwa simu. Maneno EFD na lipa namba yana uzito kwa mwajiri, kwa sababu yanaonyesha uliaminiwa na pesa na kwamba hatahitaji kukufundisha kutoka mwanzo.

Na dada aliyefanya kazi za nyumbani? Huyu ndiye tunayemwona akificha zaidi. Miaka mitano ya maisha yake haipo kwenye karatasi, na anayesoma anaona pengo: alimaliza kidato cha nne, halafu kimya. Pengo hilo linazua maswali mabaya kuliko ukweli. Kuandika "msaidizi wa nyumbani, Ilala, 2019 hadi 2023: malezi ya watoto wawili, kupika, manunuzi ya sokoni kila wiki" ni heshima kabisa, hasa kama unaomba kazi hotelini, kwenye kituo cha kulelea watoto au jikoni kwa mama lishe anayepanua biashara.

Wewe uliyeko kijijini usiseme hujafanya kitu. Umekuwa karani wa mizani wakati wa korosho au pamba? Katibu wa kikundi cha vikoba? Wakala wa fedha za mtandao? Umesimamia vibarua shamba la mpunga? Andika mahali, mwezi na mwaka, kazi, na kiasi pale unapokikumbuka kwa hakika. "Nilitunza daftari la kikundi cha wanachama 28" ni sentensi yenye nguvu kuliko kurasa mbili za sifa.

Kurasa zenyewe zisizidi mbili. Juu kabisa jina, namba ya simu inayopatikana, barua pepe, wilaya unayoishi. Kazi ya karibuni itangulie, za zamani zifuate chini, kisha elimu. Dini, kabila na jina la babu havina kazi hapo. Barua pepe uliyoifungua ukiwa shuleni kwa jina la utani la mchezaji mpira, ibadilishe. Kuhusu lugha, fuata tangazo: likiandikwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Sekretarieti ya Ajira inapokea barua za Kiswahili na za Kiingereza. Kiingereza cha kunakili kinaumbua mtu kwenye usaili, pale anapoulizwa maana ya sentensi iliyoko kwenye CV yake mwenyewe.

Serikalini CV ina mipaka yake

Tusiwape watu matumaini hewa. Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, CV nzuri haikupi kazi. Inakusaidia kufika kwenye chumba cha mtihani, na baada ya hapo mtihani ndio unaoamua. Maombi yanatumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal, bila malipo, na namba ya NIDA ni ya lazima. Kinachowaangusha wengi kabla ya mtihani ni viambatisho.

Soma tangazo hadi mwisho, maana masharti yako chini. Vyeti viwe vimethibitishwa na wakili. Barua ya maombi iwe na sahihi yako. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki badala ya cheti chenyewe. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari kazini serikalini. Kama umesoma nje ya nchi, vyeti vyako vihakikiwe na TCU, NECTA au NACTVET kulingana na ngazi. Na kama cheti cha shule kinasema Mwanaidi na NIDA inasema Mwanahidi, shughulikia hilo leo kabla tangazo halijatoka, kwa hati rasmi ya mabadiliko ya majina inayoandaliwa na wakili. Herufi moja imewatoa watu wenye sifa zote.

Kuna jingine linalowagusa walioko mbali. Sekretarieti siku hizi inaendesha usaili mikoani, na mahali utakapofanyia panategemea mkoa unaoishi kama ulivyojaza kwenye akaunti yako. Ukiacha pameandikwa Dar es Salaam kwa sababu ulijisajili ukiwa kwa dada yako Buguruni, utajikuta unatafuta nauli ya kutoka Songea. Ingia, badilisha.

Kuhusu uongo, Tanzania ina mfano ambao hauhitaji maelezo mengi. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Baadhi walikuwa kazini miaka mingi. Waliondolewa. Yule anayekunong'oneza pembeni ya soko kwamba anaweza "kukutengenezea" cheti hatakuwepo siku ya uhakiki.

Kabla hujatoka steshenari

CV ina jina lako kamili, simu yako, tarehe ya kuzaliwa. Ukiskani na vyeti, kuna picha yako na namba ya NIDA. Vyote hivyo vinabaki kwenye kompyuta ambayo watu 50 wanaitumia kwa siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka biashara zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda, lakini ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe. Omba faili litumwe kwenye barua pepe au WhatsApp yako, lifungue kwenye simu uhakikishe linasomeka, kisha mwombe mchapaji alifute mbele ya macho yako, na kwenye kapu la taka la kompyuta pia. Usiwaachie kopi zilizoharibika, zichane.

Hifadhi faili hilo la aina mbili: la PDF kwa kutuma, na la kuandikika kwa ajili ya kubadilisha. Ukiwa nalo kwenye simu hulipii tena kuchapa upya kila tangazo likitoka, unabadilisha mistari miwili mitatu kulingana na kazi inayoombwa. Simu ya kawaida ya kupangusa inatosha, na programu za kuandikia za bure zipo.

Mara kwa mara piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoifahamu, nenda kwa mtoa huduma ukaifute. Na ukipata ujumbe kwamba CV yako imechaguliwa, tuma shilingi elfu 30 ya fomu, au ya sare, au ya vipimo vya afya, usitume hata mia. Upeleke ujumbe huo kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Sekretarieti ya Ajira haitozi ada ya kuomba kazi, na majina ya walioitwa kwenye usaili inayatangaza yenyewe kwenye tovuti yake na kwenye akaunti ya mwombaji.